Gasketi Aliyoikata Mama

Mwezi uliopita nilikwenda Bariadi kumsalimia mama, gari langu likaanza kunuka oili inayoungua. Kijana wa gereji akainua boneti, akasema, "Tapeti kava inavuja, dada." Akatoa gasketi mpya ya mpira kwenye kifuko chake, akaifunga chini ya mfuniko wa juu ya injini kuziba oili, kabla sijamaliza soda. Nikabaki kwenye benchi namkumbuka baba.

Unaikumbuka miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaanza kuja na malori kutafuta pamba? Baba hakutaka kubaki nyuma. Aliuza ng'ombe wetu wa maziwa, akarudi kutoka Mwanza na pikapu kuukuu ya bluu iliyopauka, apate kusomba pamba za watu. Ng'ombe wale mama ndiye aliyekuwa akiwakamua. Kibuyu cha maziwa mgando kikakauka ukutani, na mama, aliyekuwa fundi cherehani, akasema neno moja tu: "Mimi na hilo gari hatujuani." Msimu mzima alikwenda sokoni kwa miguu. Baba akimkuta njiani alipunguza mwendo, naye mama akageuza uso kuangalia mashamba.

Asubuhi moja tukaletewa habari kutoka Ipililo: bibi, mama yake mama, amebanwa kifua na hawezi hata kusimama. Basi la huko lilikuwa limeshaondoka. Baba akakimbilia pikapu, lakini jirani yetu fundi magari akamzuia. Tangu jana yake oili ilikuwa ikichuruzika kutoka juu ya injini hadi kwenye ekzosi, moshi umejaa kote.

"Utaungua nalo njiani," alisema.

Akafungua bolti, akaunyanyua mfuniko wa valvu, ndiyo hiyo tapeti kava. Gasketi ya zamani ikatoka vipande vipande kama ukoko wa ugali. Nyingine ya aina ile ilikuwa Mwanza. Fundi alibakiwa na kipande kimoja cha karatasi nene ya gasketi, chenye kutosha kwa shida, na sasa hakukuwa na ya zamani ya kupimia. Ikichanika hiyo, safari imekufa. Akawa anaigeuzageuza tu, nyundo yake ya kukatia gasketi mkononi.

Mama akatoka ndani na mkasi na chaki yake.

"Lete hapa."

"Shemeji, hii si gauni."

"Ina ukingo, ina matundu ya vifungo. Lete."

Fundi akausafisha ule mfuniko kwa petroli mpaka ukang'aa. Mama akaupaka chaki ukingo wote, akaugandamiza juu ya karatasi, na ulipoinuliwa ukaacha mstari mweupe. Akapiga magoti kwenye mkeka, akaanza kukata. Nilisahau maharage jikoni, yakaungua, na hakuna aliyenigombeza. Baba alisimama kofia mkononi.

Gasketi ikakaa sawasawa. Fundi akakaza bolti moja moja, kidogo kidogo, akisema ikibanwa kwa nguvu itapasuka. Injini ikawashwa, tukasubiri ipate moto. Baba akapitisha kidole pembeni mwa mfuniko, akakiangalia: kikavu.

Mama akaingia ndani, akarudi na khanga na chupa ya uji. Akapanda mbele, akaubamiza mlango.

"Asante, mama watoto," baba akasema.

"Endesha."

Jioni ile bibi alikuwa kitandani hospitalini. Ilikuwa nimonia, akapona, akakaa kwetu hadi mavuno yaliyofuata akitusimulia mambo ya zamani kwa Kisukuma huku akichambua mchicha.

Siku hizi uani petu pamejengwa vyumba vya kupangisha. Pikapu ilishakatwa ikauzwa chuma chakavu, fundi alihamia Kalemela, na baba tumemzika. Mama haoni vizuri tena, wajukuu ndio wanaomtungia uzi kwenye sindano.

Jioni ile niliyotoka gereji nilimuuliza kama anaikumbuka safari ya Ipililo.

"Wakati wa kurudi bibi yako alisinzia. Baba yako akaniuliza kama nataka anifundishe kuendesha. Nikamwambia, niache. Hakuuliza tena." Akakunja kitambaa alichokuwa akishona, akakikunjua. "Nilikuwa nataka."