Bangili ya marehemu imenivunjikia

Leo nimevunja kitu ambacho siwezi kukirudisha.

Mnaikumbuka ile fedha mpya ya usonara niliyowaonyesha, ile isiyoingia weusi? Nyuzi zake nyembamba zinashikana kwa moto tu, bila kulehemu. Nilikuwa nimelewa nayo kabisa.

Basi Mama Zaituni wa Kigwena akaniletea bangili ya marehemu mama yake.

"Changanya na hiyo mupya, mutoto wangu avae siku ya ndoa."

Nikayeyusha, nikachanganya, nikavuta nyuzi, nikasuka. Wallahi ilipendeza.

Kisha nikaitumbukiza kwenye maji ikiwa bado nyekundu, kama baba alivyonifundisha. Fedha ya baba ilikuwa inavumilia. Hii ikalia tak! Vipande vitatu.

Sikuwa nimejaribu kwanza hata kipande kidogo. Haraka ya sifa tu.

Na Mama Zaituni alikuwa amekaa pale pale, ananiangalia.

Nikamwambia, "Mama, naweza kuyeyusha tena."

Akauliza kwa upole, "Na ile ya mama yangu iko wapi humu ndani?"

Hata ingetoka nzima, ningemjibu nini?

Hakugomba. Akaokota vipande kimoja kimoja, akavifunga kwenye pindo la kitenge, akanishukuru kwa Kirundi, "Murakoze," akaondoka.

Angenitukana ingekuwa afadhali.

Nimefunga karakana mapema, niko nimekaa tu. Ninyi mngefanyaje? Nimfuate Kigwena leo hii, au nimwache kwanza amlilie mama yake?