Vivimbe vya Ukoo

Martine anauza tomsoni, wale samaki wa barafu, kwenye soko la Bunia, na kazi hiyo inamtesa kwa namna ambayo wauzaji wenzake hawaijui. Akiingiza mkono kwenye katoni tu, vivimbe vilivyojipanga kutoka kiwikoni hadi begani vinamchoma mpaka machozi yanamlengalenga. Ni vidogo na vigumu, kama punje za maharagwe chini ya ngozi. Marehemu baba yake alikuwa navyo. Kwao vinaitwa alama ya ukoo, na mtu akivipata ukubwani anashangiliwa.

Kushangiliwa huko ndiko kunakomtia Martine hasira. Hakuwa amefikisha hata miaka thelathini na tano alipotolewa kizazi kwa ajili ya uvimbe. Daktari aliyempasua, mama mmoja mpole anayeitwa Viviane, aliushika mkono wake wenye vivimbe akauliza baba alikufa kwa ugonjwa gani. Martine akasema alikojoa damu, akakonda, na familia ikasema ni sumu ya jirani. Daktari hakucheka. Akamweleza kwamba vivimbe vya ngozi na vile vya kizazi vina asili moja, mtoto anavirithi kwa mzazi, na baadhi ya walio navyo figo zao hushikwa na kansa inayokuja kimyakimya. Kila mwenye alama apimwe figo kila mwaka, hata akijiona mzima. Za Martine zilipimwa, zikaonekana safi.

Akabaki na wasiwasi wa Fiston, mdogo wake wa tumbo moja, mchimba dhahabu wa Mongbwalu. Na bega la Fiston limejaa.

Ungedhani kumwambia mtu akapime figo ni kazi nyepesi. Thubutu. Vita vilipowafukuza kwao Djugu, Fiston alikuwa mtoto, akapotezana na familia, akakulia mikononi mwa watu. Alipokuwa kijana, siku moja anaoga mtoni huko migodini, binamu yake akaliona lile bega, akamuuliza ni mtoto wa nani. Hivyo ndivyo alivyorudi kwao. Sasa nenda umwambie bega hilo ni ugonjwa. Tena nyuma yake kuna shangazi Adèle, dada ya baba, aliyezunguka kambi za wakimbizi akipapasa mabega na kuokota watu wake mmoja mmoja. Mpaka leo ukifika kwake mtaani Rwambuzi, anakusalimu bega kwanza, mkono baadaye.

Mwaka mzima Martine alipiga simu. Fiston ni bingwa wa kukubali. "Ndiyo, yaya, nitakuja," humwambia dada yake mkubwa, halafu haji. "Yaya, mvua imeharibu barabara." Mvua gani, na nchi nzima vumbi? Martine akaenda kumwomba shangazi msaada, akaambulia kusemwa.

"Weye unataka kuuzisha ukoo yetu kwa badokta," shangazi alimwambia. "Hii haiko ugonjwa. Hii njo siye, njo damu yetu."

Martine alirudi kwake mtaani Saio akiongea peke yake njiani, wenye pikipiki wakimgeukia. Alichoshwa na wote wawili, na alichoshwa zaidi na sauti yake mwenyewe.

Mwishowe Fiston akaja, si kwa ajili ya figo, bali kumsalimu shangazi mwaka mpya. Martine akatoka sokoni moja kwa moja na samaki wa kupika kwenye beseni. Akawakuta sebuleni, shangazi amemvua shati, anampapasa bega, Fiston anacheka kama mtoto. Martine akaona mkanda wa suruali ya Fiston umeongezwa tundu, akajua amekonda. Hakusalimu. Alichukua samaki mmoja, bado jiwe kwa barafu, akamkandamizia begani.

Fiston alipiga ukelele uliowatoa majirani nje.

"Baba alikuwa vile vile kila asubuhi ya baridi," Martine akasema. "Alama gani inalizisha mutu mukubwa?"

Fiston akavaa shati kwa hasira. "Nitaenda kesho. Nitaenda ili unyamaze."

Walikwenda watatu, kwani shangazi alitaka kumlinda mtoto wake na uongo wa madaktari. Daktari Viviane akapitisha mashine ya ekografi, ile ya kuonyesha ndani ya mwili, ubavu wa kulia, akahamia wa kushoto. Pale mkono wake ukasimama, ukarudi nyuma, ukasimama tena. Akawaambia bila kuzunguka: kuna uvimbe kwenye figo, lazima apelekwe Kampala kwenye mashine kubwa zaidi, na hawezi kusema kama umeshasambaa.

"Lakini sisikie maumivu," Fiston akasema, akifunga vifungo vya shati upande upande. "Yaya, mimi sisikie maumivu."

Martine alikuwa ameshayatayarisha maneno ya "nilikuambia" mwaka mzima. Badala yake akamfungua vile vifungo, akavifunga upya. Alimkasirikia Fiston, akamkasirikia shangazi, akaukasirikia mwaka wenyewe uliopotea bure, na hakuna hata kimoja kilichomsaidia.

Daktari akauliza ni nani wengine katika ukoo wana alama. Martine aliwajua wachache. Akamgeukia shangazi, maana mabega yote yamepita mikononi mwake.

Shangazi akaanza na kaka yake, kisha Augustin, kisha Bijou. Martine akamwambia taratibu kwamba hao wameshakufa, aanze na walio hai.

Shangazi akahesabu upya kwa vidole.

"Glodie," akasema. "Mutoto wa Caleb. Alama ya kwanza imemutoka juzi tu. Nilimupigia vigelegele."