Hodi Katika Ngome ya Wales

Biashara ya nguo za soko la Zhanxi ilipomwendea kombo, Bwana Nassor bin Ahmada wa Unguja alisitirika kwa kazi ya kuwaongoza watalii katika magofu ya ngome ya Wales, ndani ya bustani moja ya utalii nje kidogo ya Guangzhou, China. Ngome yenyewe ilikuwa na umri wa miaka minne. Tajiri wa bustani ile, ambaye wote humwita Laoban, bosi kwa Kichina, aliona picha ya ngome ya kale akaijenga vile vile, yaani imekwisha kubomoka. Mafundi walipewa ramani ya kila ufa. Nassor naye alipewa joho la sufu, kwa kuwa alikuwa mgeni, na Laoban hakuona haja ya kuchambua ugeni.

Siku ya kwanza alifika langoni na watalii arobaini, akasimama. Mja aliyelelewa haingii makao ya watu bila idhini. Alipiga hodi mara tatu, pakawa kimya. Akawarudisha wote kwenye basi.

"Mle hamna mtu," alisema Laoban.

"Ndiyo maana hatukuitikiwa."

"Mwenye nyumba ni mimi."

"Basi ungekuwa ndani."

Laoban akampa hadi Jumamosi: watu waingie, ama aondoke, na bila kazi, kibali chake cha kukaa nchini kingekoma.

Mkewe, Mwatima, aliyekuwa akiuza maandazi mtaa wa Dengfeng, alimsikiliza hadi mwisho. "Baba Hasna, yaani umeogopa saruji?"

"Nimestahi, mama Hasna."

"Haya, nitakaa ndani mimi. Lakini nitaitikia nikiwa tayari."

Jumamosi Mwatima alikaa kwenye ukumbi usio na paa, na chupa yake ya chai. Watalii walizidi maradufu, kwani habari ya hodi ilikwisha kuenea kuwa ni desturi ya Wales. Nassor aliwaeleza kuwa ni ya kwao Unguja, wakaandika Wales. Laoban mwenyewe alitangulia mbele.

"Hodi."

"Nani?" aliuliza Mwatima kwa Kichina cha sokoni.

"Mwenye ngome."

"Ngoja nijitande."

Laoban aliwatazama watu themanini nyuma yake, akafumbata mikono, akangoja. Baada ya dakika sita sauti ilisema, "Karibuni. Viatu mlangoni."

Mvua ilikuwa imenyesha. Laoban akainama, akafungua kamba.

Jioni ile mkataba wa Nassor uliongezwa mwaka mmoja. Mwatima, ambaye hakuwa ameomba kazi, alipewa miwili.