Mwulize Anayekaa Nyuma

Nakumbuka, mwanangu Swalehe, asubuhi moja nilishuka kwenye pikipiki pale Gikondo, mbele ya gereji iliyojaa wanaume, nikatabasamu kama bibi harusi anayepigwa picha, nikasema, "Nta kibazo." Miguu yangu yote miwili ilikuwa imekufa ganzi. Kiuno kilikuwa kinawaka moto. Na bado nikasema hakuna shida, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa hapa kwetu: mtu akikuuliza kama umeumia, unamjibu nta kibazo, hata kama damu inatiririka.

Nakwambia haya leo kwa sababu jana ulimleta mchumba wako Hadija hapa Rwezamenyo juu ya ile pikipiki nyekundu unayotaka kuinunua kule Gikondo. Nilikuwa dirishani. Nilimwona akishuka. Alishika ukuta kwanza, akanyoosha mguu mmoja, kisha wa pili, halafu ndipo akavua kofia ngumu na kuniamkia. Ukamwuliza ameionaje, naye akakujibu maneno yaleyale mawili. Ukanigeukia umevimba kichwa, ukasema, "Umeona, shangazi? Hadija ameipenda." Nilinyamaza kwa sababu msichana alikuwa mgeni wangu. Leo sinyamazi, kaa chini unisikilize.

Huyu mume wangu Rajabu, mjomba wako, kaka wa mama yako, unayemjua kama mzee wa kusinzia na redio mapajani, alikuwa kijana wa mbio. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu alikuwa na duka dogo la vitenge na ugonjwa mmoja tu, pikipiki. Alitaka chombo kinacholala kwenye kona, kinachopanda mlima bila kukohoa, ili Jumapili jioni awapite wenzake njia ya Rebero. Hiyo ilikuwa haja yake, na sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilimpenda kwa sababu ya ule wehu wake.

Lakini ilikuwapo haja ya pili. Mama yangu alikuwa Kamembe, kule ng'ambo ya msitu wa Nyungwe, peke yake, na moyo wake ulikuwa mgonjwa. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Rajabu alipokuja kuposa, mama alimwomba jambo moja tu, kwamba atanileta nimwone kila mwezi. Rajabu akakubali mbele ya wazee. Basi la abiria lilikuwapo, ndiyo, ila zile kona za Nyungwe zilinitapisha mpaka nikifika mama ndiye ananiuguza mimi. Juu ya pikipiki, upepo usoni, sikutapika. Kwa hiyo pikipiki ile ilipaswa kufanya kazi mbili: kumfurahisha Rajabu Jumapili, na kunifikisha mimi Kamembe nikiwa mzima, si mzigo.

Rajabu akaiona moja Gikondo kwa fundi aitwaye Gaspard. Iliwahi kutumika, lakini iling'aa kuliko mpya. Nyekundu, kama yako. Usukani mfupi umeinamia mbele, tangi limevimba, na nyuma kimkia kimeinuliwa juu, na juu ya kimkia hicho kipande cha kiti kisichozidi mche wa sabuni. Hapo ndipo pa kukaa mke.

"Iko na nguvu, mama," Gaspard aliniambia. "Panda naye mlima, utaona."

Tukapanda. Unajua sisi watu wa Kigali, pikipiki tunaijaribu kwa kupanda tu. Mji wetu ni milima mitupu, kwa hiyo chombo kikipanda vizuri tunapiga makofi tukidhani tumemaliza. Ile ilipanda mpaka Rebero kama imeitwa. Rajabu alikuwa anaimba ndani ya kofia. Kisha tukageuka kushuka, na hapo ndipo nikakiona cha moto. Kiti kilinimwaga mzimamzima mgongoni kwake. Yeye ameinama mbele, uzito wake na wangu wote uko kwenye viganja vyake, mimi magoti yamekunjwa mpaka karibu na mbavu, kwa sababu vikanyagio vya nyuma viliwekwa juu mno. Kila breki ilinigonga kwenye uti wa mgongo. Ni mwendo mfupi huo, mwanangu, Rebero na Gikondo ni majirani.

Na nilipofika chini nikasema nta kibazo. Nilimwona anavyolipapasa lile tangi, nikashindwa kumharibia.

Rajabu akaniambia nitangulie nyumbani, yeye abaki wamalizane. Nyumbani alikuwapo Bi Mariamu, shangazi yake aliyemlea, mwanamke wa maneno machache na jicho kali. Alikuwa anachambua mchele uani. Aliniona naingia nikijikaza kisabuni, nikitembea kama bata. Akaweka ungo chini.

"Umeanguka?"

"Hapana, shangazi. Nimetoka kujaribu pikipiki. Ni nzuri."

Akanitazama tangu kichwani hadi miguuni. "Umemwambia mumeo inakuumiza?"

Nikasema ameipenda sana, na mimi nitazoea.

Nilidhani atanisifu kwa uvumilivu. Badala yake alikasirika, na hakuwa mtu wa kukasirika. "Mama yako yuko Kamembe anahesabu siku," alisema. "Utakwenda mara ya kwanza kwa sababu ya kuona aibu. Mara ya pili utasema una homa. Mara ya tatu Rajabu hatakuuliza tena, na atasema mke wangu hapendi kwenda kwao. Nani atakuwa amemdanganya mwenzake? Rudi Gikondo sasa hivi ukaseme."

Nikamwomba aende yeye. Akakataa. Akasema mgongo ni wangu na mama ni wangu.

Sijui kama kijana wa leo anaelewa jambo hilo lilikuwa zito kiasi gani. Mke wa mwaka mmoja kuingia gereji ya wanaume na kumpinga mumewe hadharani. Na ujue desturi ya pale: mkishakubaliana, muuzaji anaagiza soda, inafunguliwa, mnakunywa pamoja, na kuanzia hapo mtu akirudi nyuma jina lake linatembea gereji zote za Gikondo. Njia nzima nilikuwa namwomba Mungu niwakute wameshakunywa. Ndiyo, nilimwomba hivyo. Ingekuwa imekwisha, nami ningekuwa na sababu ya kunyamaza.

Niliwakuta chupa ziko juu ya benchi, bado zina vizibo. Gaspard alikuwa anatafuta kifungulio katikati ya spana.

"Rajabu," nikasema, "mimi pikipiki hii siiwezi."

Rajabu akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka watu wengine wacheke pia. "Si umesema hakuna shida?"

"Niliona aibu. Inaniumiza. Kutoka Rebero tu imeniumiza, na Kamembe sitafika. Ukiinunua, mama yangu sitamwona."

Machozi yakanitoka, wanaume wakaanza kutazama viatu vyao. Mmoja akatia neno kwamba siku hizi wake ndio wenye gereji. Rajabu akachukua zile chupa, akamrudishia Gaspard mkononi, akasema, "Tusamehe, mzee. Nilimwahidi mama yake." Akatoka. Njia nzima hakunitupia hata neno, na siku mbili alikula chakula changu kama mtu aliyepanga chumba. Nilijuta, nikamchukia hata Bi Mariamu.

Siku ya tatu akaniambia, "Twende Niboye, kuna nyingine. Ila leo wewe utakaa kwanza."

Ile ya Niboye haikuwa na sura. Rangi ya majivu, usukani mpana ulioinuka, kiti kirefu kilicholala sawasawa, vikanyagio vya nyuma mahali ambapo miguu ya binadamu inafika. Rajabu aliinunia mpaka alipoiwasha. Injini ilikuwa hai, nakwambia. Tukapanda, tukashuka, tukashuka tena mteremko mrefu zaidi, kisha akasimama, akageuka na kunitazama. Hakuniuliza kitu. Alisubiri nishuke, akatazama ninavyotembea. Nilitembea vizuri. Wakafungua soda, nami nikapewa yangu.

Jumapili yake hakuikosa. Pikipiki iliyokaa wima inalala kwenye kona vilevile, ikiwa shokomzoba zake ni nzima na anayeiendesha hana maumivu ya viganja. Aliwapita wenzake wengi njia ya Rebero, muulize akizinduka. Na kila mwezi alinivusha Nyungwe. Mama alikuwa anaisikia ile injini tangu chini ya mteremko, anatoka mlangoni na kitenge chake begani.

Siku tuliyopigiwa simu kwamba amezidiwa, tuliondoka alfajiri. Mvua ilitukamata Huye, ukungu ukatukamata msituni, hatukusimama ila mara moja. Nilishuka pale mlangoni, nikaenda moja kwa moja hadi kitandani kwa miguu yangu. Mama akafumbua macho, akasema, "Mmewahi." Nilikaa naye usiku ule na mchana uliofuata, na alipokata roho kichwa chake kilikuwa juu ya mkono wangu. Rajabu alikuwa uani anaosha matope kwenye ile pikipiki, analia. Hakuwahi tena kuitaja ile nyekundu.

Sasa sikia. Sikukatazi mbio, wewe ni damu yetu. Ukienda kununua nenda asubuhi, uiweke mkono injini kabla hawajaiwasha. Ukiikuta ya moto, ujue wameiamsha mapema ili isikuonyeshe tabia yake. Pitisha kidole kwenye miguu ya mbele, ile inayoshika gurudumu, uone kama inavuja mafuta. Inama chini ya tangi, utazame fremu, na ukiona rangi mpya mahali pamoja tu, uliza ilichomelewa kwa nini. Kung'aa ni kazi ya kitambaa tu. Na usiijaribu kwa kupanda mlima peke yake. Ishushe, na mtu nyuma, mteremko mrefu, mpaka ujue viganja vyako vinasema nini.

Hayo fundi yeyote atakwambia. Langu ni hili: wazazi wa Hadija wako Huye, nawe umeahidi mbele yetu kwamba hutamkata na kwao. Usimwulize ameionaje akiwa bado ameshika kofia na watu wanamtazama, maana jibu lake tunalijua mimi na wewe. Mwulize nyumbani, mkiwa wawili, na umwonyeshe kwamba akikataa hutanuna. Mjomba wako alinuna siku mbili, wewe jaribu hata moja. Jumamosi nenda naye Gikondo, mwiendeshe mwendo mrefu, kisha uzime injini, unyamaze, umtazame anavyoshuka. Akishika ukuta, soda isifunguliwe.

Mungu akupe barabara kavu na breki zinazosikia, mwanangu. Akupe kona tamu na akili ya kuzipunguzia mwendo. Na huyo atakayekaa nyuma yako miaka yote, Mungu ampe kushuka kila safari akiwa anatembea kwa miguu yake, na ulimi wa kukwambia siku anapoumia.