Gari la Waya la Enzi Zetu

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Enzi Zetu, na jina hilo alijitafutia kwa mdomo wake mwenyewe. Alikuwa fundi wa mafriji na feni, mtu wa miaka hamsini na tisa, mwenye chumba kimoja cha kazi kilichojaa kompresa mbovu na feni zisizo na mapanga. Ukimpelekea feni, huondoki bila mahubiri. Enzi zetu mtoto hakununuliwa kitu! Enzi zetu ukitaka mpira unasokota makaratasi na kamba! Enzi zetu simu ilikuwa makopo mawili na uzi, na watu walisikilizana kuliko sasa! Wateja waliitikia kwa adabu, maana feni zao zilikuwa mikononi mwake.

Mahubiri hayohayo aliyarekodi kwa sauti na kuyatuma kwenye kundi la familia, kwa simu, akiilaani simu. Na kazi ikipoa mchana, alijilaza kwenye kiti chake akatazama katika kioo cha simu hiyohiyo video za watu wazima waliokusanya vidude vya utotoni: saa zenye gemu, redio za kaseti, vinanda vya betri. Akiingia mtu, simu inageuzwa kifudifudi upesi.

Lakini kilele cha mahubiri kilikuwa gari la waya. Alilitengeneza, kwa maelezo yake, akiwa na miaka saba, peke yake, kwa koleo la kuazima. Magurudumu yalikatwa kwenye kandambili kuukuu, usukani ulikuwa mrefu wa kufika kifuani, na ukiuzungusha, hapa alikuwa anainua kidole, magurudumu ya mbele yanapinda kweli. Magari ya wenzake yalijua kwenda mbele tu. Kadiri miaka ilivyopita, gari liliendelea kuota vitu. Mwaka juzi liliota vioo vya pembeni, mwaka jana likapata springi.

Sasa siku moja mwalimu wa darasa la tatu alikuja kuchukua feni ya shule. Mjukuu wa fundi, msichana wa miaka tisa, anasoma darasa hilohilo, na wakati huo alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa akiandika kazi ya nyumbani. Fundi akahubiri kama kawaida, akafika kwenye gari, akainua kidole.

"Kumbe!" mwalimu akasema. "Ijumaa nina kipindi cha kazi za mikono na sijui niwafundishe nini. Njoo uwaonyeshe, mzee."

"Aa, mwalimu, wiki hii kazi zimenibana kwelikweli..."

"Babu atakuja," mjukuu akadakia. "Nimeshawaambia darasa zima kwamba anajua. Mwenzetu mmoja mwenye gari la rimoti alisema ni uongo, tukagombana."

Mdomo huponza kichwa. Fundi akasema atakuja.

Jumatatu alikata waya kutoka mgongoni mwa friji lililokufa, akaanza. Mtu huyu anaweza kujaza gesi kwenye friji amefumba macho, jamani, lakini gari la mtoto likamtoa jasho. La kwanza, ukizungusha usukani, unajipinda wenyewe na magurudumu yanakutazama tu. La pili lilitikisika sehemu yote ya mbele, likaangukia pua. La tatu lilipinda kushoto, hata usipotaka.

Jumanne mjukuu alipotoka shule akapita, akalitazama lile la tatu. "Babu, hili ndilo lenyewe?"

"Hilo la majaribio."

"Na yale mawili?"

"Nayo ya majaribio."

Mtoto alitikisa kichwa kukubali, kwa heshima, na heshima ile ilimuuma fundi kuliko kicheko. Alipokuwa anaondoka akageuka mlangoni. "Wananiuliza kila siku kama utakuja kweli. Nawaambia babu yangu hasemi uongo."

Jumatano fundi alifunga mlango saa sita, akakaa, akafumba macho akitafuta kukumbuka alivyofanya. Alikumbuka kukimbia. Alikumbuka vumbi, mlio wa magurudumu kwenye changarawe, wenzake nyuma wakipiga kelele. Kukata, kutoboa, kufunga waya: hakuna. Akajilazimisha aione mikono iliyoshika koleo. Akaiona, na mkono mmoja ulikuwa na bangili ya plastiki ya kijani.

Yeye hakuwahi kuvaa bangili. Aliona aibu, ile aibu ya kweli inayomkuta mtu akiwa peke yake chumbani. Akachukua simu akampigia dada yake.

Dada alimzidi miaka minne. Alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia hospitalini, ambako mashine ikigoma haitwi fundi, anaitwa yeye. Alikuja Alhamisi asubuhi, na mkoba wake begani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Maana wewe huniiti ukiwa mzima."

Fundi akamwonyesha yale magari matatu. Dada aliyatazama moja baada ya jingine, kisha akacheka mpaka akaegemea friji la mteja.

"Ganda la kalamu liko wapi?"

"Ganda gani?"

"Usukani unapita ndani ya ganda la kalamu iliyoisha wino, ndiyo uzunguke. Wewe umeukaza na waya kila mahali, utazungukaje, mdogo wangu?"

Fundi alikaa kwenye ndoo. "Dada, lile gari letu la zamani. Ulilitengeneza wewe?"

"Ulidhani nani?"

"Nimekuwa nikisema mimi."

"Najua. Si nimo kwenye kundi la familia? Ulipolitia springi nilicheka mpaka wagonjwa wakashtuka."

"Mbona hukusema kitu?"

"Ningesema, ungetuma sauti nyingine ya dakika kumi."

Akavua saa, akaomba koleo. Haikufika saa nzima, gari likasimama juu ya meza, na kazi yote ya fundi ilikuwa kuambiwa shika hapa, achia, shika tena. Fundi akamwomba aje naye shuleni. Dada akasema atapitia, zamu yake inaanza mchana, lakini wasimtegemee sana.

Sitamsingizia wema mtu. Ijumaa, njia nzima ya kwenda shule, fundi alikuwa akipiga hesabu zake: gari lipo, linapinda, dada huenda asije, watoto hawajui. Na mjukuu alitaka kitu kimoja tu, babu asiwe mwongo mbele ya darasa. Kwa kunyamaza kuhusu aliyelitengeneza lile gari, angemfurahisha kwa uongo uleule.

Dada alikuja. Alikaa nyuma kwenye kiti cha mtoto, magoti juu, mkoba mapajani. Fundi aliliendesha gari kati ya madawati, akazungusha usukani, magurudumu yakapinda, darasa likalipuka. Mwenye gari la rimoti aliinama kutafuta betri ilikofichwa. Mjukuu hakupiga kelele. Alikuwa anawatazama wenzake mmoja mmoja, kidevu juu.

"Enzi zetu," fundi akaanza, kisha akaacha mahubiri, akaliinua gari juu. "Gari hili amelitengeneza dada yangu, yule pale nyuma. Na lile la zamani alilitengeneza yeye. Mimi sijui kulitengeneza. Nimejaribu wiki hii, nimeshindwa."

Darasa likageuka kumtazama mwanamke mwenye mkoba. Mjukuu alikuwa wa mwisho kugeuka. Kidevu kilishuka kidogo, akafikiri, kisha akanyoosha mkono kama mwanafunzi yeyote.

"Sasa babu, wewe ulifanya nini?"

"Mimi nililiendesha."

"Na bibi aliliendesha lini?"

Fundi alipekua kichwani mbio zote zile, jioni zote zile, asimwone dada yake popote ila amekaa kizingitini anatazama.

"Bado, mwanangu," dada akajibu kutoka nyuma, bila kinyongo, kama mtu aliyeulizwa kama amekula.

Fundi alipita kati ya madawati akamkabidhi usukani. Dada aliuacha mkoba kwenye kiti, akatoka na gari mlangoni mpaka uwanjani, darasa zima likimfuata mbio. Alikata kona ya kwanza polepole. Ya pili aliikata anakimbia, viatu vya kazini mkononi. Kengele ikalia, mwalimu akaita, na yeye bado anazunguka, na fundi, pamoja na mvi zake zote, hakuthubutu kumwomba zamu.