Mwanasha na Njia ya Makaburini

Nilisafiri kwenda Mombasa kwa sababu mwanamke mmoja wa Likoni alikuwa ameshtakiwa kwa kumzika mamake. Hati ya mashtaka haikusema hivyo, bila shaka. Ilisema kwamba Mwanasha Bakari aliingia katika ardhi ya watu bila idhini, akaharibu ua wa seng'enge kwa makusudi. Lakini nyuma ya ua huo ndiko yaliko makaburi ya ukoo wake, na siku ile mamake alikuwa ndani ya jeneza, mabegani mwa wanaume waliosimama juani wakingoja lango lifunguliwe. Lango halikufunguliwa. Mwanasha akaomba koleo, akaukata ua kwa mikono yake, mamake akapita.

Habari hizo nilizipata Nairobi kwa simu ya Swaleh, wakili niliyesoma naye, ambaye alikuwa na ofisi ya chumba kimoja Mwembe Tayari, Mombasa. Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea ukingoni, na kampuni iliyonunua shamba lile ilikuwa na marafiki wakubwa. Mawakili wa mjini walikuwa wamekataa kesi hiyo mmoja baada ya mwingine, na Swaleh aliogopa kuingia peke yake.

Nikampelekea habari mkuu wa ofisi yetu ya mawakili, Bwana Mutiso, nikitarajia aniulize nani atalipa. Aliuliza, "Kesi inasikilizwa lini?" Nilipomjibu, akasema, "Basi fungasha, Nzilani. Ofisi hii imewatetea matajiri miaka mingi. Haitakufa kwa kumtetea mtu mmoja bure."

Asubuhi gari moshi liliteremka Changamwe. Harufu ya kiwanda cha kusafishia mafuta iliingia dirishani, kisha maji yakatokea kote kuwili tukaingia kisiwani. Swaleh alinipokea stesheni, tukaenda moja kwa moja kupanda feri ya Likoni. Humo ndimo alimoniambia jambo ambalo hakuthubutu kulisema kwa simu.

"Wakishamtia hatiani," alisema, "kampuni itaomba amri ya kumfukua yule bibi."

"Kumfukua?"

"Wallahi, Nzilani. Wameshamwambia chifu."

Kwetu Kitui mtu huzikwa shambani mwake, mlangoni mwa wanawe, wala hakuna wa kuuliza.

Likoni, nyumbani kwa Mwanasha, tulipiga hodi tukasikia sauti za wasichana wakisoma Kurani. Alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye sauti isiyo na haraka. Aliwaambia wanafunzi wake wanyamaze, akatutokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wakili?" Alinitazama juu hadi chini. "Nami nilidhani watanletea mzee mwenye kitambi, kumbe binti kama wewe! Haya, karibu, keti. Na ujira wako tuuzungumze mapema."

"Hakuna ujira, mama."

Uso wake ulibadilika. "Mimi si mtu wa kupewa sadaka."

"Si sadaka," nikamwambia. "Sheria ni yako kama ilivyo ya kampuni. Wao wana wa kuwasemea. Wewe nawe uwe naye."

"Hapo sawa," akasema. "Basi na uje ule." Nikaletewa mahamri na mbaazi, na kila nilipodhani nimeshiba, sahani ilijazwa tena.

Alasiri hiyo alinipeleka penye ua wa kampuni. Seng'enge ilikuwa imeshonwa upya, mpya na inang'aa. Lakini chini yake njia ilipita vilevile kama haina habari ya ua. Nyayo za watu zilikuwa zimelitafuna jiwe la matumbawe hata likawa na mfereji laini, na mfereji huo ulikwenda kuishia penye mawe ya makaburi. Niliinama nikaupapasa kwa kiganja. Hapo hofu yangu ya kushindwa ilipungua: njia hii ingejishuhudia yenyewe.

Mahakamani, kabla kesi haijaanza, mwendesha mashtaka alituita pembeni. Mshtakiwa akikiri kosa, alisema, ataombewa adhabu ndogo na arudi kwake mchana uleule. Swaleh aliona ni salama. Hata mimi, nakiri, nilishawishika kidogo. Nikamweleza Mwanasha.

"Nikikubali kosa," aliuliza, "si nitakuwa nimesema mamangu amezikwa kwa wizi?"

"Ndivyo watakavyosema, mama."

"Basi sikubali. Wakinifunga, wanifunge. Mamangu hatoki."

Tulipoingia nikaona kwamba hakuja peke yake. Wanawake wa Likoni walikuwa wamevuka kwa wingi, na mabuibui yao yaliujaza ukumbi mpaka veranda. Wengi hawakuwahi kukanyaga mahakamani maisha yao yote.

Meneja wa kampuni alikula kiapo, akasema shamba lilikuwa kichaka kitupu walipolinunua. Nilimwuliza kama aliona njia.

"Sikuona njia yoyote."

"Na makaburi?"

"Hakuna makaburi. Kuna mawe tu. Pwani yote ina mawe."

Mnong'ono ulipita ukumbini kama upepo kwenye makuti. Nikamgeukia hakimu, nikaomba mahakama iende ikajionee. Mwendesha mashtaka alipinga, akisema ni kupoteza wakati. Hakimu, mzee mkimya aliyekuwa ameshika tama muda wote, alifunga jalada lake. "Twende," akasema.

Mchana, Likoni, lango lile lilifunguliwa kwa amri ya hakimu. Aliifuata njia ya jiwe polepole mpaka makaburini, na sisi nyuma yake. Akamwita Mwanasha aje karibu.

"Hapa amelala nani?"

"Nyanya yangu, mheshimiwa. Yule ni baba mdogo. Kule ni shangazi zangu. Huyu mpya ndiye mama." Akafika penye jiwe dogo, lisilofika magotini. "Na hapa..." Akalipangusa mchanga. Akaikaza sauti. "Hapa ni mwanangu wa kwanza. Hakuwahi kutembea."

Karani aliacha kuandika. Hakimu aliinamisha kichwa, kisha akamgeukia meneja. "Haya ndiyo mawe uliyoyasema?"

Meneja aligeuka akatazama lango.

Siku ya hukumu ikafika. Nilikuwa nimejenga utetezi wangu juu ya kanuni moja: mtu aliyegusa mali akiamini kwa moyo safi kwamba ana haki ya kufanya hivyo hana kosa la jinai. Hakimu alisoma taratibu, na nilipoisikia kanuni hiyo ikitoka kinywani mwake, nilimshika Swaleh mkono. "Mwanamke huyu," alisema, "aliiamini haki yake, na mahakama imejionea yaliyomfanya aiamini. Hana hatia. Aende zake."

Vigelegele vilianza veranda vikaingia ndani. Askari alitaka kuvizima, hakimu akamwashiria aviache. Mwanasha alinikumbatia hata nikapotelea ndani ya buibui lake.

Mwezi uliofuata nilirudi, safari hii kwa kesi ya madai tuliyokuwa tumeifungua kuhusu njia yenyewe. Haikusikilizwa. Wakili wa kampuni alitufuata kwenye veranda ya mahakama akiomba tuelewane, na mbele ya jaji iliandikwa kuwa makaburi na njia yake havitafungwa tena, wala marehemu hataguswa. Siku ileile seng'enge ilikunjwa ikaondolewa, na wanafunzi wa Mwanasha wakapita mbio wakicheka, wa kwanza kupita bila kuomba ruhusa tangu ua ule uwekwe.

Nikiwa njiani kurudi Nairobi niliyawaza niliyoyaona. Nilikwenda nikidhani ninapeleka msaada. Kumbe Mwanasha alikuwa na haki yake tayari, na ujasiri alikuwa nao kunishinda. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama pale sheria inaposemwa, na kusimama huko hakukutuumiza kitu. Bwana Mutiso aliposikia mwisho wake, aliamuru kila wakili wa ofisi yetu awe na kesi moja ya namna hiyo daima. Hakuna aliyenung'unika.

Na ushindi huo haukukaa Likoni peke yake. Mwaka uliofuata, mawakili wawili kati ya wale waliokataa walimjia Swaleh wenyewe, na wote watatu wakaanza kukaa Jumamosi chuoni kwa Mwanasha kuwasikiliza watu bila malipo. Nilipowatembelea, mkeka ulikuwa umejaa. Mwanamke mmoja wa Port Reitz, ambaye nyumba yake ilitishiwa kubomolewa, alikuwa amesimama mlangoni akisitasita, mtoto mgongoni.

"Nasikia hapa mtu husemewa," alisema.

"Husema mwenyewe kwanza," Mwanasha alimjibu, akisogea kumpa nafasi. "Keti, mwanangu. Useme yote, wala usimwogope mtu."

Akaketi, akaanza kusema, na mawakili watatu wakainama kumsikiliza.