Mgongo wa Kambare

Sharubu zake nilizikata kutoka kwenye mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Zilikuwa nne, mbili ndefu za mashavuni na mbili fupi za kidevuni. Bwana Segawa, mwenye kampuni ya mieleka, aliniletea mchoro alioukwaruza nyuma ya karatasi ya mgahawa, akaniuliza kama naweza kushona barakoa ya kambare. Mimi nilikuwa mshonaji wa mabegi ya shule. Sikuwahi kushona kichwa cha samaki maishani mwangu, lakini nikamwambia naweza, kisha nikaenda sokoni kumtazama kambare vizuri.

Kichwa kilichosubiri kuingia humo kilikuwa cha Yukinobu Tadokoro, mtoto wa mwanika ngisi. Alikuwa na miaka ishirini na tisa na kazi ya mieleka ilikuwa imemshinda. Si kwamba hakuwa na mwili. Mgongo wake ulikuwa mpana kama mlango wa ghala, na judo alicheza tangu shule ya msingi. Kilichomwangusha ni sura. Alikuwa na macho ya upole na mashavu ya mtoto aliyeshiba, na akipangiwa kuwa mbaya ulingoni, akina mama walimwonea huruma. Akimkanyaga mwenzake mkono, ukumbi mzima ulidhani amekanyaga kwa bahati mbaya.

"Sura yako inafaa kuuza tofu," Segawa alimwambia mbele yetu sote. "Tuifunike."

Kwetu kila mtoto ameambiwa kwamba chini ya ardhi amelala kambare mkubwa, na akijitikisa, nchi hutetemeka. Hakuna anayeamini na hakuna asiyejua. Segawa akaona hapo pana mchezo. Tadokoro akivaa kile kichwa, alikuwa anasimama katikati ya ulingo, anajikunja, kisha anaruka na kutua kwa miguu yote miwili. Mbao za chini zilinguruma, mpinzani akaanguka, mwamuzi akaanguka, na baada ya miezi michache watazamaji nao wakajifunza kuanguka. Safu nzima zililalia kushoto, zikalalia kulia, wazee wa miaka themanini wakabiringika kwenye mito yao ya kukalia huku wakicheka mpaka machozi. Hatukuwa kampuni kubwa. Tulizunguka na basi moja, ulingo umefungwa juu, tukicheza kwenye kumbi za michezo za shule na maghala ya mpunga. Lakini watu wa mkoa mzima walimjua Kambare, na kumchukia kwao kulikuwa kwa raha.

Sheria ya barakoa ni moja tu. Ukishaivaa, mtu aliye ndani hayupo. Tadokoro aliivaa kabla basi halijaingia mjini na kuivua tukishavuka daraja la mwisho. Hakuongea akiwa nayo, hata neno moja, maana kambare haongei. Na akiwa na sura yake mwenyewe, akiulizwa na mtu, alikuwa dereva wa kampuni. Mama yake mzazi alifariki akijua kwamba mwanawe ni dereva. Nilimlaumu kwa hilo. Akanijibu kwamba mama alikuwa anaongea sana sokoni. Nilicheka wakati ule, na leo sioni kilichonichekesha.

Mji wa Tsukihama tulikuwa tunaufikia mara tatu kwa mwaka, na Tsukihama ndiko alikokuwa Bibi Chiyono Oikawa. Alikuwa muuza mboga za chumvi, mfupi, mwenye sauti ya kuita meli irudi. Yeye na mumewe walikaa mahali palepale kila mara, pembezoni mwa njia wanayopita wapiganaji kwenda ulingoni. Mumewe alibeba mito miwili na chupa ya chai. Bibi alibeba mwavuli, iwe mvua iwe jua, na haukuwa wa mvua. Kambare akipita, Bibi alisimama na kumchapa mgongoni.

"Samaki wa matope, rudi mtoni! Leo nitakupara magamba!"

"Kambare hana magamba," mumewe alimnong'oneza mara moja, kwa haya, mkono umefunika mdomo.

"Basi nitakuchuna ngozi!"

Watu walicheka kuliko walivyocheka pambano. Mimi nilikuwa mlangoni nikiuza barakoa ndogo za watoto, na niliona kitu ambacho wengine hawakukiona. Kambare akifika pale, alipunguza mwendo ili Bibi apate kuchapa mara mbili. Aliendelea hivyo kwa miaka kumi na saba. Kwenye basi alivua shati na kuniomba nimtazame mgongo, kisha akasema kwa fahari kwamba leo Bibi alikuwa na nguvu, afya yake ni nzuri. Hawakuwahi kusemezana, naye Bibi hakuwahi kumwona uso.

Tetemeko lilikuja Alhamisi moja ya mwezi wa pili, saa nane mchana. Sisi tulikuwa tufike Tsukihama Jumapili ile. Mabango yalikuwa yamebandikwa mji mzima: Kambare ameinua mikono, na chini yake maandishi mekundu, "Jumapili ataitikisa Tsukihama!" Nusu ya nyumba za mji zikalala chini. Bibi alikuwa kliniki, amekwenda kupimwa presha. Mumewe alikuwa nyumbani, chini ya paa la vigae.

Siku ya tatu tulikwenda, si kwa pambano, bali na masufuria, mchele, nyama ya nguruwe na figili. Segawa alituita kwanza, akasema maneno ambayo mtu yeyote wa kwetu angeyasema. Huu ni wakati wa kujizuia. Harusi zinaahirishwa, muziki unazimwa, na huyo kambare asitajwe wala asionekane, maana itakuwa ni kuwacheka waliofiwa. Tulikubali bila kubisha. Walionusurika walikuwa wamehifadhiwa kwenye ukumbi wa shule, ukumbi uleule tuliouchezea miaka yote, na bango letu lilikuwa bado kwenye mlango. Tadokoro alilibandua kwa kucha, polepole, mpaka kipande cha mwisho, akalikunja na kulitia ndani ya koti lake. Kisha akaenda kupika.

Alipika vizuri, kama wapiganaji wote, maana kwenye kambi za mieleka wanafunzi ndio wapishi. Alisimama nyuma ya sufuria akiwa na sura yake ya kuuza tofu, na hakuna aliyemtazama mara mbili. Mimi nilikuwa pembeni yake nikigawa bakuli. Bibi Oikawa akafika kwenye foleni. Alikuwa amevaa koti la mtu mwingine, kubwa mno, na mwavuli ulikuwa umening'inia kwenye kiwiko. Alikwenda nao kliniki, ndiyo maana ulipona.

Akanitambua. Akauliza kama si mimi niliyekuwa nikiuza vichwa vya samaki mlangoni. Nikasema ndimi, nikampa pole kwa mumewe, nikainama.

"Yuko wapi yule kambare wako?"

"Sijui, Bibi."

"Mtafute. Mwambie aje hapa." Hakuwa anapiga kelele. Sauti yake yote ya zamani ilikuwa imekwisha, lakini aliongea wazi, na foleni nzima ilimsikia. "Aje apige magoti, aniombe radhi. Nimchape vizuri, yaishe."

Hakuna aliyecheka. Nilimgeukia Tadokoro, naye alikuwa ameinamia sufuria kama mtu aliyedondosha kitu ndani. Barakoa ilikuwa kwenye mkoba wake, hatua tano kutoka pale, kwa sababu hakuwahi kuiacha nyuma. Nilijua hivyo na yeye alijua kwamba najua. Akachota, akaongeza vipande viwili vya nyama, akamshikisha Bibi bakuli kwa mikono miwili.

"Supu ni ya moto, Bibi. Uangalie."

Bibi alimtazama kwa muda kidogo. Akasema asante, akaenda kukaa kwenye blanketi lake, upande uleule wa ukumbi ambako zamani alikuwa akikaa.

Tukiwa kwenye basi Tadokoro aliniuliza kama amefanya vibaya. Nataka kusema ukweli hapa, kwa sababu watu wanaposimulia habari zake hunitoa mimi nje. Nilimwambia amefanya vizuri. Nilimwambia mwanamke amefiwa siku ya tatu, ule ni uchungu unaoongea, na mwanamume mzima kutokeza na sharubu za mpira mbele ya watu waliopoteza nyumba ni aibu isiyofutika. Nilimkumbusha agizo la Segawa. Nilikuwa na hoja nzuri zote. Alinisikiliza, akashukuru, na tangu siku ile akawa na tabia ya kujishika mgongo akiwa anafikiri.

Kambare hakupigana tena. Segawa alimzika kimya kimya, bila hata kengele kumi anazopigiwa mpiganaji anapostaafu, na Tadokoro akawa dereva kweli. Aliendesha basi, akafunga ulingo, akaufungua. Kila tukikaribia njia ya Tsukihama alisema kwamba atakwenda. Atakwenda mvua zikiisha, wakishahamishiwa nyumba za muda. Mvua zikaisha, akasema atakwenda baada ya siku za kuwakumbuka wafu mwezi wa nane, maana kwenda wakati huo ni kumtonesha. Mwezi wa nane ukapita. Akasema basi afadhali siku ya mwaka mmoja, itakuwa na heshima. Nami kila mara nilikubali, hata barakoa nikaitengeneza, sharubu moja ilikuwa imepasuka.

Siku ya mwaka mmoja tulikwenda Tsukihama tukaambiwa Bibi hayupo. Bintiye, Fumie, alikuwa amemchukua kwake bara, mji wa mwendo wa saa tatu, na huko Bibi alifariki mwezi wa kumi na mbili kwa homa ya mapafu. Tadokoro aliomba anwani. Tukarudi kwenye basi, akaendesha moja kwa moja mpaka huko.

Fumie alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ndogo ya baba yake. Nilijitambulisha, nikasema tumekuja kutoa heshima kwa marehemu, na huyu bwana anaomba ruhusa ya kubadili mavazi kidogo barazani. Nadhani alidhani anavaa tai. Tadokoro alitoa barakoa, akaivaa, nami nikamfunga kamba kisogoni kama nilivyokuwa nikimfunga miaka yote. Fumie alipomwona hakushtuka. Alisogea tu, akatuonyesha chumba chenye madhabahu ya kuwakumbuka marehemu wao.

Picha ya Bibi ilikuwa pale na ya mumewe pembeni yake. Kambare alipiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, na zile sharubu zikajikunja chini. Akasema kwa sauti, yeye ambaye akiwa ndani ya ile barakoa hakuwahi kusema neno, kwamba anaomba radhi, kwamba amechelewa. Halafu hakuinuka.

Fumie alikaa chini karibu yangu. Alinieleza mimi, lakini Kambare alisikia.

"Mama alisema alimwona. Kambini, kwenye supu. Alisema alipomwona ameinama pale kwenye sufuria alimjua palepale. 'Mgongo ule nimeuchapa miaka kumi na saba, nitausahau?' Ndiyo maana akasema vile kwa sauti, ili asikie. Alikuwa anamwita."

Sikuweza kumtazama Fumie. Nikauliza kama Bibi alikasirika.

"Hapana. Alisema huenda yule bwana hakupenda. Alisema, 'Nilimwita mbele ya watu wote, akaniambia supu ni ya moto.' Mwavuli aliuweka pale mlangoni. Mpaka anakwenda hospitali alikuwa ananiuliza kama kuna mtu amepiga hodi."

Mwavuli ulikuwa pale tulipovulia viatu. Tulipita pembeni yake tukiingia. Kambare alikuwa bado chini, mikono ameitandaza, mgongo wake wote uko wazi juu, na nilijua anachongoja. Nilitamani Fumie ainuke akauchukue mwavuli. Nilitamani hata mimi nithubutu. Lakini mimi nilikuwa mgeni mle ndani, na Fumie hakuwahi kuja kwenye mieleka, hakujua mahali pa kuchapa.

Alikwenda jikoni akarudi na vikombe vitatu. Akaviweka mkekani, akamwambia kwa upole, "Inuka, bwana. Chai inapoa."